Redio Ndani ya Mstari wa Chaki

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Apolinari vilikuwa vimevunjwa, na havikuvunjwa siku alipokamatwa. Sajenti Shomari alijua, kwa sababu Jumamosi ni yeye aliyemtia pingu, na vidole vyote kumi alivikuta vizima. Leo Jumatatu, saa tatu asubuhi, vile viwili vilikuwa vimevimba, na mwenyewe amevifunga kwa kipande cha shati.

“Nani amekufanya hivi?”

Apolinari alikaa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta wa mahabusu. Alikuwa fundi wa redio katika duka la Mzee Zoeb Rahemtulla hapa Temeke, mtu wa Bukoba, mwembamba, mpole wa sauti. Mikono ndiyo iliyokuwa riziki yake.

“Waliniuliza funguo za karakana ziko wapi. Nikasema sijui. Wakaniuliza tena.”

“Nimekuuliza nani.”

“Sajenti, saa nane mchana gari linanipeleka kwa hakimu, nikasomewe kwamba nimemuua mzee aliyenifundisha kazi. Hiyo kesi mwisho wake ni kitanzi. Jina la mtu mmoja litanisaidia nini?”

Shomari alikunja ngumi ndani ya mfuko wa kaptula yake ya kaki mpaka kucha zikamuuma.

Kesi yenyewe Inspekta Pemberton aliimaliza kwa dakika ishirini. Mzee Zoeb alikutwa Jumamosi saa kumi na nusu alasiri, ndani ya karakana nyuma ya duka, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani. Aliyemkuta na kupiga ukelele ni Apolinari. Funguo za karakana hazikuonekana. Inspekta alitazama huku, akatazama kule, akamwona Mwafrika mmoja tu mwenye ruhusa ya kuingia mle, akafunga daftari. Nyumbani kwa fundi, Avelina mkewe akilia mlangoni, askari walikuta fremu ya mbao iliyozungushiwa waya wa shaba. Inspekta akasema hiyo ndiyo sababu: fundi kaiba waya, mzee kagundua, fundi kaua. Hakuuliza fremu ile ni ya nini.

“Nina maelezo ya Firoz hapa,” Shomari alisema, akatoa karatasi. Firoz alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu, kijana wa miaka ishirini na minane, chumba chake kikitazamana na karakana, hatua kumi tu kuvuka ua. “Anasema kuanzia saa tisa na nusu alikuwa chumbani anasikiliza mpira kwenye redio yake mpya. Anataja mabao yote manne.”

“Mabao hayo kufikia magharibi hata wauza maandazi waliyajua.”

“Najua. Lakini kuyajua si kosa. Anasema aliifungulia redio mpaka mwisho, ndiyo maana hakusikia kitu.”

Apolinari aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. “Redio mpya ipi? Ile ndogo aliyopewa na mzee Ijumaa jioni?”

“Hiyo hiyo.”

“Aliiweka wapi? Ilikuwa inatazama wapi?”

Swali hilo Shomari alikuwa nalo jibu, na pengine katika kituo kizima ni yeye peke yake aliyekuwa nalo. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kutoka kwake alirithi vitu viwili, ukali wa macho na chaki bapa ya kuchorea nguo. Kila alipoingia mahali palipotendeka uovu alichora mstari kuzunguka miguu ya kila kitu, kisha akakinakili chumba kwenye karatasi, kabla mtu hajagusa hata kijiko. Inspekta alimcheka kila mara. Alimwita Sajenti Cherehani mbele ya kuruta. Jumamosi Shomari alichora karakana, akavuka ua akachora na chumba cha Firoz, kisha akakifunga kwa lakiri.

Akakunjua karatasi sakafuni. “Hii meza. Huu mstari ni redio. Kaskazini huku.”

“Na mnara wa kurushia matangazo uko huko kaskazini,” Apolinari alisema. Aliitazama karatasi kwa muda. “Sajenti, mtu huyu hakusikiliza mpira.”

“Eleza. Mie si fundi.”

“Nipe hiyo chaki.”

Alichora kwa mkono wa kushoto, taratibu. Kwanza mstari mrefu. “Redio inataka kitu cha kudaka mawimbi. Antena. Ya kale kabisa ni waya mrefu. Unaufunga juu ya mlingoti, unaushusha mpaka dirishani. Hakuna inayousogelea kwa kusikia, hata Ulaya utaipata. Lakini unataka mlingoti na uwanja. Mpangaji wa chumba kimoja ataufunga wapi?”

Akachora mraba. “Wakabuni fremu. Waya umezungushwa mara nyingi kwenye mbao, umelala ndani ya mfuniko wa nyuma wa redio. Redio ya zamani ya Firoz ni ya fremu. Ameishi nayo miaka sita. Shida yake ni ukubwa, sanduku zima kama kabati la vyombo.”

Mwisho akachora kijistari kifupi, kinene. “Hizi mpya zina kijiti cheusi cha feraiti. Ni kama unga wa kutu uliookwa ukawa kigae. Kinazungushiwa waya mwembamba, kinalala ndani ya redio kwa urefu wake. Kirefu kama kalamu, basi. Kinayakusanya mawimbi kama korongo linavyokusanya maji ya mvua. Mzee hakukubali. Alisema kijiti hakiwezi kushindana na fremu. Akanipa waya na mbao, nikatengeneze fremu kubwa nyumbani, tupime.”

“Alikupa waya ule? Kwa mkono wake?”

“Kwa mkono wake. Mama Sakinabai, mkewe, alikuwapo, alicheka akatuita watoto wawili.”

“Nani alishinda?”

“Fremu, kidogo. Lakini fremu yangu ilikuwa kubwa kama dirisha, na kijiti kinaingia mfukoni mwa koti. Mzee akasema ameshindwa huku ameshinda. Ndipo akaniambia Jumamosi nije saa kumi na nusu anikabidhi funguo za karakana, niwe fundi mkuu. Firoz alisikia. Nilikwenda kupokea funguo, Sajenti. Nikamkuta vile.”

“Rudi kwenye redio.”

“Waya mrefu haujali sana umelala upande gani. Fremu inajali, na kijiti kinajali. Fremu inataka ukingo wake uelekee mnara, kwa hiyo sanduku unaligeuza ubavu wa mwisho ndio utazame kaskazini. Kijiti ni kinyume chake. Kinataka mnara ukitazame mgongoni au kifuani, kwa urefu wake wote. Ukikielekezea mnara ncha, kama mtu anayelenga mkuki, kinakuwa kiziwi.” Akaweka kidole kwenye mchoro wa Shomari. “Tazama mstari wako. Ncha imeelekea kaskazini. Ameiweka kama alivyoweka ya zamani miaka sita. Ni mazoea tu. Kama angeiwasha, angeona haisemi, angeigeuza.”

Shomari alisimama. Akakunja karatasi, akaenda ofisini kwa Inspekta.

* * *

“Kesi imekwisha,” Inspekta Pemberton alisema bila kuinua macho. Kiko kilikuwa mdomoni, na kando yake karatasi ya mashtaka imekwisha kupigwa mashine.

“Afande, lakiri ya chumba cha Firoz ina sahihi mbili, yako na yangu. Haiwezi kufunguliwa na mmoja. Hakimu akiuliza tuliona nini mle ndani, tutajibu nini?”

“Tutajibu tuliona meza na kitanda, Sajenti Cherehani.”

“Tutajibu hatukutazama, afande. Na nitaulizwa kwa kiapo.”

Inspekta akachukua kofia yake. “Saa moja. Ukinipotezea bure, kesho utalinda gati bandarini.”

Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma ya duka, ua mmoja, milango mitatu. Ubani ulikuwa bado unanuka. Sakinabai, mjane, alikuwa eda, na katika eda haonekani na wanaume wa kando. Pazia jeupe lilikuwa limening’inizwa kwenye mlango wake, mkabala na chumba cha Firoz, jirani na karakana.

“Shikamoo, Mama,” Shomari alisema kwa pazia.

“Marahaba, baba. Pole na kazi.”

“Poleni na msiba. Mama, waya wa shaba uliokutwa kwa Apolinari, unaujua?”

“Mume wangu alimpa. Mimi nilikuwapo. Nilimwambia askari Jumamosi. Hakuandika.”

Shomari hakumtazama Inspekta. Hakuwa na haja. Inspekta alikohoa, akauliza kwa sauti kwa nini shahidi amejificha kama mwizi.

Firoz alitoka dukani akifuta mikono kwa leso, shati jeupe, nywele zina mafuta. “Karibuni. Sajenti wa chaki, umekuja kunishonea suruali?”

“Nimekuja kukupima kwanza,” Shomari alisema. “Simama hapo.”

Wakakata lakiri. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha, kitanda, kabati, na meza chini ya dirisha. Juu ya meza, ndani ya mstari mweupe wa chaki, ilikaa redio mpya, rangi ya maziwa, si ndefu kuliko mkono kutoka kiwiko hadi kifundo.

“Bwana Firoz, nina maswali matatu kabla hatujamaliza. Redio hii, kuna mtu aliyeisogeza Jumamosi? Labda askari, kwenye vurugu?”

“Hakuna. Nilizima tu swichi niliposikia ukelele wa yule muuaji. Pale nilipoiweka Ijumaa ndipo ilipo.”

“Hukuigeuza hata kidogo, isikike vizuri zaidi?”

Firoz alicheka. “Mie nimekulia katika redio, Sajenti. Redio naiweka mara moja, basi. Kugeuzageuza ni kazi ya washamba.”

“Na ulitumia waya wa nje?”

“Hii haina hata tundu la waya. Ni ya kisasa.”

“Na ilikuwa juu.”

“Juu kabisa. Dunia nzima ilisikia. Ningesikiaje mtu anapigwa kule ng’ambo?”

Shomari alikuwa ameyaandika yote. Akamsomea, Firoz akatia sahihi, na kwa kujionyesha akapiga mstari chini yake.

Saa ya Inspekta ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi. Matangazo ya mchana yalikuwa hewani. Shomari aliinama mezani, akaweka vidole viwili juu ya redio kuizuia isisogee, akaiwasha, akafungulia sauti mpaka swichi ikagota.

Ikatoa mvumo, kama mafuta ya taa yanavyovuma kwenye jiko la pampu. Ndani ya mvumo, mbali, palikuwa na kitu kilichoweza kuwa mtu anasema au mbu.

“Betri imekufa,” Firoz alisema haraka. “Siku mbili imekaa.”

Hilo Shomari alikuwa amelifikiria njiani, akaliogopa. Kama betri imekwisha, basi fundi amekwisha. Akaizungusha redio robo duara, kama mtu anayefungua bomba.

Sauti ya mtangazaji ikajaa chumbani, bei za pamba, meli iliyotia nanga, mpaka Inspekta akaondoa kiko mdomoni. Shomari akairudisha ndani ya chaki. Ikafa. Akaigeuza. Ikafufuka. Mara tatu alifanya hivyo, na kila mara aliirudisha ndani ya mstari wake kwa uangalifu wa baba yake akikata suti ya bwana harusi.

“Mama,” aliita kuelekea ua. “Umesikia nini?”

“Nimesikia bei za pamba,” Sakinabai alijibu. “Halafu kimya. Halafu meli. Halafu kimya.”

“Jumamosi ulikuwa wapi?”

“Kwenye majlisi ya dini, baba. Nilirudi kwenye kilio.”

Shomari akamgeukia Firoz. “Unasema hukuisogeza. Ndani ya mstari huu, mpira ungeusikia kama mbu. Na mbu hazuii mtu kusikia mjomba wake—”

“Baba mdogo,” Firoz alisema. “Si mjomba. Ni baba yangu mdogo.”

“—baba yako mdogo akipigwa jiwe hatua kumi kutoka hapa. Kwa hiyo ama ulisikia mpira hafifu, na yeye ukamsikia. Ama hukusikia mpira kabisa kwa sababu hukuwa humu. Chagua.”

“Labda niliigeuza. Nimesahau.”

“Umetia sahihi. Na mstari umeupiga mwenyewe.”

“Huu ni mchezo wa sarakasi,” Inspekta alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua uzito. “Uongo wa redio si mauaji, Sajenti. Funguo ziko wapi?”

Lilikuwa swali la haki, na Shomari alilichukia kwa kuwa la haki. Alikuwa na jambo moja tu lililobaki, tena la kukamilisha maelezo. “Nataka kuiona redio ya zamani, afande. Ya fremu. Niiweke hapa hapa, ioneshe kwa nini hii aliielekeza ncha kaskazini.”

“Ile imekufa,” Firoz alisema. “Nimeitupa.”

“Hukuitupa,” pazia likasema.

Wote wakageuka.

“Iko stoo, chini ya magunia ya mchele,” Sakinabai aliendelea, kila neno akiliweka kama anaweka sahani. “Jumamosi usiku uliniambia nisiiguse, itanipiga umeme. Firoz, ile ni ya betri. Mimi mke wa mwuza redio miaka thelathini. Nilijiuliza kwa nini mtoto ananidanganya kitu kidogo hivyo siku kama ile.”

“Chachi, mama mdogo, nyamaza,” Firoz alisema, na kisha kwa Kihindi maneno mengine ambayo Shomari hakuyahitaji kufasiriwa.

Stoo ile haikupekuliwa Jumamosi. Askari walipekua chumba cha Apolinari mpaka wakachana godoro. Hapa Inspekta alisema kuna mjane, tuheshimu. Shomari aliitoa redio mwenyewe. Lilikuwa sanduku la mti, zito, na lilipoinuka kitu kiligonga ndani yake, ting.

Aliliweka mezani, akafungua skrubu nne kwa ncha ya kisu chake, akauvuta mfuniko wa nyuma. Fremu ilikuwa pale, kama Apolinari alivyoichora, waya umezungushwa mara nyingi, umeshika vumbi la miaka sita. Na katikati ya nyuzi, pamechomekwa pete ya chuma yenye funguo tano. Kwenye moja damu ilikuwa imekauka.

Mtangazaji wa redio mpya alikuwa anaendelea kusoma majina ya meli, na Shomari akaizima.

“Zilikuwa zangu,” Firoz alisema. Hakulia. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa hasira, si kwa aibu. “Jina kwenye ubao wa duka ni Rahemtulla. Ni langu. Anampa funguo mtu wa kuajiriwa, mbele yangu, kwa sababu ya kijiti. Kijiti. Nilimwomba anipe mimi. Akaniambia nijifunze kwanza. Nijifunze kwa yule.”

Shomari akamtia pingu. Hakuzikaza kupita kiasi. Alitaka afike kwa hakimu na vidole vyake vyote, ili watu waone tofauti.

Walipopita uani pazia lilitikisika. “Sajenti,” Sakinabai alisema. “Hizo funguo ni ushahidi, najua. Zikitoka mahakamani zifike kwa Apolinari. Marehemu alikwisha sema. Mwambie na vidole vitapona, nitatuma mwunga mifupa.”

“Umejuaje vidole, Mama?”

“Avelina alikuwa hapa asubuhi, ametoka kumwona kituoni. Alikaa nami, tukalia pamoja. Yeye wake, mimi wangu.”

* * *

Saa nane kasoro robo gari la mahakama lilikuwa linanguruma mbele ya kituo. Inspekta Pemberton alichana karatasi ya mashtaka vipande viwili, akaingiza nyingine kwenye mashine.

“Yule fundi mtoe,” alisema. “Mlango wa nyuma. Sitaki watu barabarani.”

Shomari alikwenda mahabusu, akafungua, akamshika Apolinari kwapa akamwinua. Hakumpeleka nyuma. Alimpitisha korido, akamkalisha kwenye benchi la mbele, mbele ya kuruta wote, kisha akafungua kitabu kikubwa cha matukio juu ya kaunta na kuchovya kalamu kwenye wino.

“Asubuhi nilikuuliza jina,” alisema. “Ukaniuliza litasaidia nini.”

“Bado nauliza.”

“Firoz alidhani funguo zikishasogezwa hakuna atakayejua zilikuwa wapi. Lisiloandikwa leo, kesho nalo litasogezwa. Sema.”

Apolinari alitazama mkono wake. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini benchi zima lilisikia. “Koplo wa zamu alinishika kifundo. Rungu halikuwa mkononi mwa Koplo.” Na akageuza macho kwenye mlango wa ofisi ya Inspekta uliokuwa wazi.

Ndani ya ofisi mashine ya kupiga chapa ilinyamaza. Viatu vikapiga sakafu, Inspekta akatokea mlangoni.

“Unaandika nini hapo?”

Shomari hakuinua kichwa. Alikuwa amekwisha andika tarehe, saa, na vidole viwili vya mkono wa kulia. Sasa alikuwa anaanza herufi ya kwanza ya jina, polepole, kwa mwandiko wa shule.

“Mahali kila kitu kilipokuwa, afande,” alisema. “Kabla hakijasogezwa.”